Adui anayegeuka steringi: uanze na Venom, Magneto au Catwoman?

Tulikuwa kwenye kivuko tukitoka Msanga Mkuu kurudi Mtwara mjini, mimi na mpwa wangu wa kidato cha pili, simu yangu mkononi mwake kama kawaida ya likizo. Akaacha kusoma, akaniuliza, "Mjomba, adui akianza kuokoa watu, anabaki adui?" Nikamwambia tufike kwanza. Huku kusini mjomba hakwepi swali la mtoto wa dada yake, ila kulichelewesha anaruhusiwa.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulikuwa na hesabu rahisi. Kuna steringi na kuna adui. Ukichelewa kuingia, kabla hujakaa kwenye benchi unamuuliza jirani, "Steringi nani?" Akikuonyesha, huna wasiwasi tena, maana steringi hafi. Vitabu vya katuni vya Marekani vimeivuruga hesabu hiyo kwa miaka mingi. Wanamchukua adui, mwizi au muuaji kabisa, halafu toleo baada ya toleo wanamsogeza upande wa pili, polepole, mpaka siku moja unajikuta unamwombea apone.

Wanaoniuliza waanze na nani hutaja majina yaleyale matatu, kwa kuwa wamewaona kwenye filamu: Venom, Magneto na Catwoman. Punisher nimemwacha, kwa sababu yeye tangu 1974 anaua majambazi kwa uchungu uleule na kugeuka si habari yake. Vegeta wa Dragon Ball ni katuni za Kijapani, tutamzungumza siku nyingine. Ndumilakuwili wa gazeti la Sani ndiyo kabisa. Sikumbuki hata siku moja kutamani ageuke.

Nimewapima kwa nini

Kwanza, kilichomgeuza. Pili, mwendo wake: anageuka kwa kasi gani, na anarudi nyuma mara ngapi. Tatu, deni. Yaani wale aliowaua au kuwaibia alipokuwa adui, hadithi inawakumbuka au inawafukia kimya kimya? Nakiri mapema kwamba kwangu hiki ndicho kipimo kizito kuliko vyote, kwa hiyo mtu asiyejali hilo asome sehemu hiyo kwa tahadhari. Nne, ugumu wa kusoma, maana vyote viko kwa Kiingereza na wengi wetu tunasomea kwenye simu. Tano, umri wa msomaji.

Kilichomgeuza

Tuanze na Venom. Eddie Brock alikuwa mwandishi wa gazeti New York. Aliandika habari kubwa kuhusu muuaji aliyeitwa Sin-Eater, akimtegemea mtu mmoja aliyekiri kwake. Spider-Man akamkamata muuaji halisi, ikabainika kwamba yule wa Eddie alikuwa anajisingizia tu. Kazi ikaota mbawa, na ndoa nayo. Eddie hakujilaumu kwa kutohakiki habari yake, akamlaumu Spider-Man. Ndipo kanisani, akiwa hana hamu tena ya kuishi, akakutana na kiumbe kutoka anga za mbali, yule aliyekuwa vazi jeusi la Spider-Man mpaka alipokataliwa. Wawili waliokataliwa wakaungana wakawa Venom. Toleo lenyewe ni la 300 la Amazing Spider-Man, Mei 1988, mtunzi David Michelinie na mchoraji Todd McFarlane.

Mbegu ya kugeuka alikuwa nayo tangu mwanzo. Hata akiwa adui, Venom alikuwa akijitangaza mlinzi wa wasio na hatia, mikono ikiwa na damu. Mwaka 1993 akapewa nafasi ya kulithibitisha. Anapatana na Spider-Man kwamba kila mtu ashike njia yake, anahamia San Francisco, na huko anawakuta watu wasio na makazi wanaoishi chini ya ardhi, kwenye kipande cha mji wa kale uliofukiwa baada ya tetemeko la 1906. Hao wanakuwa watu wake.

Kwa mtu wa huku, njia nyepesi ya kumwelewa Venom ni kukumbuka ngoma ya mapiko ya Wamakonde. Kinyago kinavishwa kichwa kizima, na akishaanza kucheza, yule si fulani bin fulani tena. Watu wazima wanajua ndani kuna mtu, ila hakuna anayemtaja. Tofauti ni kwamba kinyago cha Eddie kinajibu, kinabisha, na kina njaa. Ndiyo maana Venom hasemi "mimi", anasema "sisi". Umeme ulipokatika jioni moja nilimtafsiria mpwa wangu kurasa chache kwa sauti: "Tuna njaa. Tunakuona." Bibi yetu, Myao wa Masasi, ambaye kwake mtu mzima lazima atajwe kwa wingi, akauliza kutoka kizani ni mzee gani huyo anayejiheshimu mwenyewe.

Magneto ni habari nyingine. Alizaliwa kwenye toleo la kwanza la X-Men, kundi la vijana wenye vipaji vya kuzaliwa navyo, 1963, kwa mikono ya Stan Lee na Jack Kirby, na alikuwa adui mtupu: anateka kambi ya makombora, anataka kuitawala dunia, basi. Zaidi ya miaka 15 hakuna aliyejisumbua kueleza kwa nini. Kisha mtunzi Chris Claremont, katika toleo la 150 la Uncanny X-Men la mwaka 1981, akafungua mlango. Mtu huyu alinusurika Auschwitz. Jamaa zake waliuawa na Wanazi, naye akaapa kwamba jamii yake mpya, wenye vipaji vya kuzaliwa navyo, haitapelekwa kambini.

Ukurasa wa kuutazama ni ule wa Kitty Pryde. Kitty ni binti wa rika la mpwa wangu, na ndiye mdogo kuliko wote katika kundi la X-Men. Magneto anampiga akidhani anapigana na adui kama wengine, binti anaanguka, naye anaamini ameua. Anamwinua mikononi. Kwa mara ya kwanza anajiona alivyo: yeye aliyewapoteza wake amemfanyia mtoto wa mwingine jambo lilelile. Hakuna aliyemhubiria. Mpwa wangu aliufunika ukurasa kwa kiganja, akaangalia baharini kidogo, halafu akaendelea.

Catwoman, Selina Kyle, ni mkongwe kuliko wote wawili. Alitokea kwenye toleo la kwanza la Batman mwaka 1940, mwizi wa vito aliyejifanya kikongwe ndani ya boti ya matajiri. Batman akamkamata, kisha akamwacha atoroke, na mchezo huo haujaisha mpaka leo. Kilichomgeuza ni mtaa. Katika mfululizo ulioanza mwishoni mwa 2001, ulioandikwa na Ed Brubaker na kuchorwa mwanzoni na Darwyn Cooke, Selina anarudi East End, uswahilini kwa mji wa Gotham. Wanawake wanaojiuza wanauawa mmoja mmoja na polisi hawana habari. Anawajua, angeweza kuwa mmoja wao. Anaanza kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya.

Mwendo

Ukimchora Venom kwenye karatasi utapata mstari wa mlevi. Adui, mlinzi, adui tena, kisha Eddie anaugua saratani na kutengana na kiumbe wake, kisha mwaka 2008 anarudi akiwa na nguvu nyingine inayoponya watu, kisha wanaungana upya. Sehemu ya kila mtu aliyewahi kushika kalamu inaonekana. Mfululizo wa 2018 wa Donny Cates na Ryan Stegman ndio ulionyoosha mstari: Eddie anajikuta na mtoto wa kiume wa kulea, na mtu mwenye mtoto hana nafasi ya kuyumba sana. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Magneto anapanda kama mtu anayepanda uwanda wa Newala kwa miguu na mzigo kichwani. Mwaka 1982, katika kitabu cha peke yake kiitwacho God Loves, Man Kills, anapigana bega kwa bega na X-Men. Mwaka 1985, toleo la 200, anashtakiwa Paris mbele ya majaji wa kimataifa, na Profesa Xavier, kiongozi wa X-Men, akiwa hoi anamwachia shule yake. Hebu fikiria: adui mkuu anakabidhiwa watoto. Anajitahidi kweli. Lakini mwaka 1988 mmoja wa wanafunzi wake anauawa, na tangu hapo anaanza kuteleza. Kufika 1991 ndiye adui tena, ndani ya toleo la kwanza la mfululizo mpya lililouzwa zaidi ya nakala milioni 8, na mwaka 1993 anamchomoa Wolverine, mmoja wa X-Men, chuma chote mwilini mwake. Baadaye sana anarudi tena upande wa wema. Wapo wanaochukia kurudi nyuma huku, wanasema watunzi walibomoa kazi nzuri. Mimi nina jamaa walioacha pombe mara nne, kwa hiyo sishangai.

Catwoman hatembei sana. Amekaa juu ya ukuta, mguu mmoja huku, mmoja kule, na mara nyingi anaiba usiku uleule aliookoa mtu. Ila kuna toleo moja, la 50 la mfululizo niliokwisha kuutaja, ambalo lazima ulijue kabla hujachagua. Mchawi Zatanna anakiri kwa Selina kwamba aliwahi kuichezea akili yake kwa uchawi ili awe mwema. Basi, je, alijigeuza au aligeuzwa? Wasomaji wengi waliliona kama matusi. Mimi nililisoma mara mbili na bado linanikera, lakini swali lake silisahau.

Deni

Hapa ndipo watatu hawa wanapoachana kabisa.

Nilitegemea Venom afeli. Alipotoroka gereza la wenye nguvu zisizo za kawaida alimuua mlinzi kijana. Katika katuni nyingi mlinzi kama huyo hana jina, hana kwao. Ameanguka ukurasa wa tatu na hadithi imeendelea. Lakini katika Venom: Lethal Protector, matoleo 6 ya mwaka 1993, yule marehemu ana jina na ana baba. Baba ni jenerali, anawakusanya watu na silaha, wanavaa mavazi ya chuma na kumfuata Venom mpaka San Francisco kumhukumu. Ukisoma unatatizika: unayemshabikia ndiye aliyemuua mtoto wa mzee huyu, na mzee hana kosa kuudhika. Venom mwenyewe hafanyi toba ya maana. Anaamini nia yake njema inatosha kufuta. Hadithi inakumbuka, yeye ndiye hakumbuki vizuri.

Magneto deni lake lina uzito wa bahari. Kwenye toleo lilelile la 150 anazamisha manowari ya Kisovieti, Leningrad, na mabaharia wake wote. Mtu yeyote wa pwani ya Lindi na Mtwara anajua maana ya chombo kutorudi. Mabaharia hao hawakuwa Wanazi, walikuwa waajiriwa. Claremont hakuliacha liende bure. Kesi ya Paris ipo kwa sababu ya matendo ya namna hiyo, na Magneto anakwenda kusimama kizimbani wakati angeweza kutoroka. Kwangu hilo ni kubwa. Tatizo ni kwamba kesi haifiki mwisho kwa utulivu, inavurugwa na shambulio, na msomaji anabaki na hukumu mkononi bila kujua ampe nani.

Catwoman deni lake ni jepesi kwa namna moja. Mkufu wa tajiri unaweza kurudishwa au kusamehewa, na maiti hairudishwi. Kwa hiyo mwanzoni unamsamehe haraka mno, na ndio udhaifu wa hadithi yake. Lakini Brubaker anamlipisha kwa njia nyingine. Jambazi Black Mask anapotaka kumkomoa, hamgusi yeye. Anamfuata dada yake wa damu na shemeji yake. Wema wake ndio uliowaleta maadui mlangoni kwa ndugu, na ndugu hawakuulizwa. Kurasa hizo ni ngumu.

Ugumu wa kusoma

Rahisi kuliko zote ni Catwoman wa Brubaker na Cooke. Mistari ya mchoro ni safi, maneno machache, na picha nyingi zinajieleza zenyewe. Kwenye simu ndogo husumbuki kukuza.

Lethal Protector ni kelele ya miaka ya 1990: misuli, meno, mate, na kila mtu anapiga mayowe. Kiingereza chake si kigumu. Faida nyingine ni ufupi, na huhitaji kujua mengi zaidi ya kisa cha vazi jeusi. Ila kama umemjua Venom kwa filamu ya 2018 ya Tom Hardy, jiandae: kule Spider-Man hayumo kabisa, na katika vitabu chuki yote inaanzia kwake. Kuna pia kisa cha 1996 ambamo kiumbe anatamani kula ubongo kwa sababu ya kemikali iliyo ndani yake, na wanagundua kwamba chokoleti inayo kemikali hiyohiyo. Mpwa wangu alimaliza korosho zangu zote akisoma hilo, eti anajaribu kama nazo zinafaa.

Magneto ndiye kazi. Claremont anaandika sana. Viputo vya maneno vinaziba nusu ya picha, wahusika wanawaza kwa sentensi ndefu, na kisa kimetawanyika katika matoleo mengi ya miaka mingi. Tumia skrini kubwa kama unayo, na kamusi karibu. Wa kuanza naye bila kupotea achukue God Loves, Man Kills, kwa kuwa kinaanza na kuisha ndani ya jalada moja.

Umri

Venom ana vitisho vya meno kuliko uchungu, na mtoto wa sekondari atavimudu. Magneto anagusa mauaji ya halaiki. Kitabu cha 1982 kinafungua kwa watoto wawili weusi waliouawa kwenye uwanja wa shule, na Magneto ndiye anayewashusha waliponing'inizwa kwenye bembea. Usimpe mtoto kisha ukaondoka. Catwoman wa 2001 ana biashara ya ngono, dawa za kulevya na mateso. Matoleo ya mwanzo nilimruhusu mpwa wangu, ya Black Mask nikayafungia.

Kwa hali yako

Kama una likizo fupi na bando dogo, chukua matoleo manne ya kwanza ya Catwoman. Yanakamilika kama kisa kimoja, na yatakuonyesha kama mtu wa namna hii anakufaa.

Kama wewe ni wa filamu, unapenda purukushani na hujawahi kumaliza kitabu cha Kiingereza, Lethal Protector itakubeba. Ukiipenda, ruka moja kwa moja mpaka mfululizo wa 2018. Katikati kuna vichaka vingi.

Mwalimu wa historia au uraia anayetaka kitu cha kubishania na vijana atapata zaidi kwa Magneto: toleo la 150, kisha kitabu cha 1982, kisha la 200, kwa mpangilio huo. Kijana aliyekulia kwenye hasira ya kuonewa pia nitampa huyohuyo, lakini nitakaa naye.

Anayelea mtoto peke yake asome Venom wa 2018 kabla ya wengine. Na kama umewahi kuumizwa na mtu ambaye sasa kila mmoja anamsifu kwamba amebadilika, Lethal Protector ndiyo yenye yule mzee jenerali, ingawa jalada halimtaji.

Ambaye hawezi kuvumilia kuona mtu akirudia makosa baada ya kuahidi, amkwepe Magneto na asijilaumu.

Mpwa wangu alianza na Magneto bila kuniuliza, akakwama, akahamia kwa Venom. Shule inafungua Jumatatu. Jana usiku alipaza sauti kutoka chumbani akitaka kujua kama yule baba wa mlinzi atampata Venom au hatampata. Nikamwuliza yeye anataka ampate? Kimya. Baadaye nikasikia anafunua kurasa za nyuma, kule gerezani.